Kiungo Kinachofunguka na Bado Kinapotosha

Kijana wa Nachingwea anayetaka kuandika programu ya kupokelea korosho katika ghala la AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika cha wakulima, kabla mzigo haujaingia mnadani kupitia RUNALI, chama kikuu cha ushirika cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, halazimiki kuanzia sifuri. Ipo Django, fremuweki ya bure ya kutengenezea tovuti, iliyotolewa kwa umma mwaka 2005. Nyaraka zake zimeandikwa kwa uangalifu mkubwa, lakini msomaji huzifikia kwa viungo, na vingi vya hivyo viko kwenye masomo yaliyoandikwa na watu wengine. Kiungo kilichokufa hujitangaza: inatokea 404, yaani ukurasa haupo, unatafuta njia nyingine. Cha kuogopa ni kile kinachofunguka vizuri kisha kinakufikisha kwenye toleo lililopitwa na wakati.

Hadi toleo la 1.11, njia za tovuti katika Django zilipangwa kwa url(). Toleo la 2.0, Desemba 2017, likaleta path(), na toleo la 4.0, Desemba 2021, likaiondoa url() ya zamani. Somo lililoelekeza kwenye ukurasa wa 1.11 linaendelea kumpeleka msomaji huko huko. Ananakili, programu inagoma, naye anasaka kosa katika kazi yake mwenyewe. Kuna atakayesema kurasa za matoleo yaliyoachwa zina onyo juu kabisa. Ni kweli, ila onyo humfikia mtu akiwa ameshalipia ukurasa kwa bando lake, na halimwambii kwamba jambo analotafuta sasa lina jina jingine.

Dawa imo ndani ya Django yenyewe. Sehemu ya tatu ya mafunzo yake ya mwanzo inakataza kuandika anwani kwa mkono katika violezo: ipe njia jina, kisha iite kwa jina hilo. Sphinx, programu inayozalisha nyaraka za Django, ina utaratibu huo huo. Mwandishi huweka lebo juu ya sehemu, na sehemu ikihamia ukurasa mwingine kiungo huifuata. Faida yake itaeleweka kwa yeyote aliyewahi kupekua takwimu za mkoa wa Lindi. Wilaya ya Ruangwa ilimegwa kutoka wilaya ya Nachingwea, kwa hiyo jedwali la zamani la Nachingwea lina vijiji ambavyo leo ni vya Ruangwa, na asiyejua hilo atadhani mavuno yameporomoka. Kurasa nazo humegwa namna hiyo, na anwani ya zamani hubaki na nusu tu ya habari.

Wapo wanaotetea kwamba waandishi wengi wa nyaraka ni watu wa kujitolea, tusiwabebeshe mzigo zaidi. Sehemu ya mzigo huo Sphinx inaweza kuibeba kwa kukagua viungo vyote yenyewe, lakini itagundua hasa vilivyokufa. Vinavyopotosha vinahitaji jicho la mtu. Wengine wanasema akili mnemba imemaliza kazi ya viungo. Hiyo nayo imefunzwa kwa kurasa mpya na za kale zilizochanganyika, hivyo jibu lake huhitaji ukurasa wa kulihakiki. Basi anayeandika somo aache “bonyeza hapa” na ataje kilichoko upande wa pili. Akieleza wazo la jumla, aelekeze kwenye anwani yenye neno “stable”, ambayo husogea na toleo jipya. Akitoa msimbo wa kunakiliwa, aelekeze kwenye namba ya toleo alilolijaribu, na namba hiyo aiandike wazi ndani ya maneno ya kiungo, ili msomaji aione kabla hajabonyeza.