SPARTA: DOLA YA ASKARI ILIYOWAOGOPA WATUMWA WAKE

Ni nadra kumpata askari asiyepata kulisikia jina la Sparta. Wakufunzi hulitaja katika uwanja wa kwata pindi kuruta anaponung'unika, na daima huliambatanisha na habari za Mfalme Leonidas na watu wake 300 waliokufa Thermopylae mwaka 480 K.K. wakimzuia Xerxes wa Uajemi. Habari hizo ni za kweli. Ila wapo pia Wathespia wapatao 700 waliokufa papo hapo, na hao wakufunzi wetu huwasahau.

Mtoto wa kiume wa Kisparta alitolewa kwao akiwa na miaka 7, akalelewa na dola. Hata akioa, alilala kambini mpaka atimize miaka 30. Jioni alikula mesini pamoja na wenziwe, kila mmoja akileta fungu lake la shayiri, mvinyo na jibini. Aliyeshindwa kulileta alipoteza haki za uraia. Mchuzi wao mweusi wa damu ya nguruwe wageni hawakuutamani. Vitani walikwenda polepole kwa mlio wa zumari, safu isikatike, jambo ambalo kila aliyepiga gwaride nyuma ya bendi atalielewa.

Lakini shayiri hiyo aliilima nani? Waliilima Maheloti, wengi wao wakiwa Wamesenia, majirani walioshindwa vitani na kufanywa watumwa katika ardhi yao wenyewe. Kila mwaka maefori, wakuu watano waliochaguliwa na raia, waliwatangazia vita rasmi, ili kumwua Heloti kusihesabiwe dhambi. Thucydides, mwanahistoria wa Athens aliyekuwa pia jemadari, ameandika kwamba safari moja Maheloti waliambiwa wawatoe wenzao waliopigana kishujaa kwa ajili ya Sparta, wapewe uhuru. Wakateuliwa kama 2,000, wakavikwa mashada, wakazunguka mahekaluni. Baada ya hapo hawakuonekana tena, wala hapana aliyejua kila mmoja wao aliuawa vipi. Twasema bila kusita kwamba hilo halikuwa tendo la askari.

Jeshi lenye adui shambani mwake haliwezi kukaa mbali na nyumbani kwa muda mrefu. Raia wa Sparta nao walizidi kupungua. Mwaka 371 K.K., huko Leuctra, Epaminondas wa Thebes alikataa kuzigawa nguvu zake sawasawa. Aliupanga upande wake wa kushoto kwa kina cha watu 50, akawavunja Wasparta pale pale aliposimama mfalme wao Cleombrotus. Kati ya Wasparta halisi 700, walianguka 400, na mfalme miongoni mwao. Kisha akaingia Laconia yenyewe, na mwaka 369 K.K. Wamesenia waliokombolewa wakaanza kujenga mji wao, Messene, ambao sehemu za kuta zake zingali zimesimama.

Thucydides alikwisha kusema kwamba Sparta ikibaki mahame, vizazi vya baadaye havitasadiki nguvu zake, kwa uchache wa majengo. Mji wa sasa wa Sparti ulianzishwa mwaka 1834. Magofu ya ule wa kale ni machache, yamo katikati ya mizeituni.