Dawa ya Woga wa Kusema Lugha ya Kigeni

Iko haya ya kusifiwa, na iko haya imtiayo mtu hasara. Haya ya kusema lugha ya kigeni ni ya namna hii ya pili.

Kijana amesoma Kiingereza miaka mingi, na barua huiandika bila kosa. Lakini akiitwa mbele ya mabwana wa kazi, kinywa humkauka na maneno humpotea. Kazi huichukua mwingine, ajuaye kidogo lakini athubutuye kusema.

Huu si upungufu wa akili. Mwaka 1986 wataalamu watatu wa Marekani, Elaine Horwitz, Michael Horwitz na Joann Cope, waliuchungua woga huu wakautungia kipimo chenye maelezo 33. Waliuhusisha na hofu tatu: hofu ya kuzungumza na watu, hofu ya mtihani, na hofu ya kuhukumiwa vibaya na wasikilizaji.

Sasa, ndugu msomaji, iko njia nyepesi ya kuupunguza, nayo imo katika simu ya mkononi. Mikutano ya TED ilianza California mwaka 1984, na tangu mwaka 2006 hotuba zake hutolewa bure katika intaneti. Kwa kawaida hotuba haizidi dakika 18, na maneno yake yaweza kusomwa chini ya picha.

Mwanafunzi na achague hotuba fupi. Kwanza aisikilize tu. Mara ya pili asome huku akisikiliza. Mara ya tatu apunguze kasi, amwandame msemaji kwa sauti, akiiga vituo na pumzi zake. Afanye hivyo chumbani, pasipo wa kumcheka. Kisha aizime hotuba, aeleze kwa maneno yake mwenyewe lile alilolisikia, ajirekodi na kujisikiliza. Mwisho awaeleze ndugu zake wawili watatu.

Anayedhani wasemaji wote wa huko ni mabingwa, na amtazame Richard Turere, mvulana wa Kimaasai wa hapa Kenya, aliyebuni taa za kuwaka na kuzima ili simba wasiile mifugo ya kwao. Alipanda jukwaa hilo mwaka 2013. Chris Anderson, aliyeiongoza TED wakati huo, ameandika kwamba kijana huyo alikuwa na haya nyingi na Kiingereza cha kusitasita. Alifanya mazoezi tele. Siku yenyewe woga ulikuwapo, wala haukumzuia; watu walisimama wakampigia makofi. Walilolipenda ni jambo alilokuja nalo, si lafudhi yake.

Lakini kusikiliza peke yake hakutoshi. Hakuna aliyejua kuogelea kwa kukaa ufuoni. Sharti maji yamfike. Nao walimu wasimkatize mwanafunzi kwa kila kosa, wala wasiwaache wenzake wamcheke, kwani kicheko kimoja chaweza kuufunga ulimi mwaka mzima.

Mwanzo kokochi, mwisho nazi. Anayesema kwa kukwama leo, kesho atasikilizwa.