Fibi wa Kenkrea na Neno "Mhudumu"

Sisi tulio walimu katika nchi ya Wabena, tokea Makambako hata Njombe, twaijua tabia hii ya lugha zetu: Kibena hakimtofautishi mwanamume na mwanamke katika kitenzi, wala Kiswahili. Tukiambiwa, "Mchungaji amefika," hatujui ni mwanamume au mwanamke mpaka tumwone. Yafaa tuikumbuke tabia hiyo tusomapo mlango wa 16 wa Waraka kwa Warumi.

Hapo Paulo amkabidhi kwa Warumi dada Fibi, wa kanisa la Kenkrea, bandari ya Korintho. Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952 yamwita mhudumu. Kwa Kiyunani ni diakonos, neno lilo hilo ambalo Paulo alijiita yeye na Apolo (1 Kor. 3:5), nalo ndilo lililofasiriwa "mashemasi" katika Wafilipi 1:1. Basi tofauti ya cheo haimo katika neno la Paulo. Yatoka katika tafsiri.

Mfasiri hakukosa, maana diakonos ni mhudumu kweli. Lakini sikio la leo, lisikiapo "mhudumu", huwaza mtu wa hoteli achukuaye sahani. Ndipo wanafunzi hudhani Fibi alikuwa mpishi wa wageni tu.

Wengine watatujibu kwa 1 Timotheo 2:12. Maneno hayo yapo, wala hatuna ruhusa ya kuyaficha. Lakini katika 1 Wakorintho 11:5 Paulo ataja wanawake wasalio na kuhutubu. Awaagiza kufunika kichwa, hawafungi kinywa. Tena Prisila, pamoja na Akila mumewe, alimweleza Apolo njia ya Mungu (Mdo. 18:26). Afundishaye aya moja na kuiacha nyingine hajafundisha Maandiko.

Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, ambalo Dayosisi yake ya Kusini ina makao Njombe, liliamua mwaka 1990 kwamba wanawake waweza kubarikiwa kuwa wachungaji. Jambo hilo halitakaa vema mioyoni mwa washarika kwa amri tu, lahitaji mafundisho.

Basi, mwalimu, ufikapo kwa Fibi usipite upesi. Lieleze neno lile. Kuhudumu si aibu, kwa kuwa Bwana mwenyewe aliwaosha wanafunzi miguu. Lakini kama ni heshima kwa Paulo, ni heshima iyo hiyo kwa Fibi. Tukinyamaza, binti aliyeketi mbele yetu atadhani Mungu amemwita kufagia kanisa, wala si kulitunza.