Kilwa haitaki msafiri wa mbiombio

Kama unapanga likizo ya Julai na bado hujajua uende wapi, elekea kusini. Kutoka Dar es Salaam hadi Kilwa Masoko ni kama kilomita 300 za lami. Mabasi ya Lindi na Mtwara hupita Nangurukuru, na hapo ndipo unapochepukia. Masika iepuke. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuja na mvua zake, barabara ilikatika Somanga na wasafiri wakakwama.

Wengi huipangia Kilwa siku moja tu. Wanavuka asubuhi kwenda kisiwa cha Kilwa Kisiwani, wanapiga picha kwenye Gereza, ile ngome iliyo ufukweni kabisa, wanachungulia Msikiti Mkuu, kisha wanarudi bandarini. Husuni Kubwa hawaifikii, na hilo linanisikitisha sana. Jumba hilo la karne ya 14 alilijenga Sultani al-Hasan bin Sulaiman juu ya genge linalotazama bahari, likiwa na vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe nane. Utajiri wa sultani ulitokana na dhahabu ya Sofala, iliyopitia mikononi mwa wafanyabiashara wa Kilwa. Msafiri mashuhuri Ibn Battuta alipofika mwaka 1331 alimkuta sultani huyohuyo madarakani, akausifu mji wake. Simama pale ukingoni ndipo utaelewa kwa nini mfalme alipachagua. Ni mwendo wa miguu kutoka msikitini, na jua ni kali, kwa hiyo beba maji ya kutosha.

Lala Masoko, kesho yake uende kisiwa cha Songo Mnara. Huko saa ya safari hupangwa na bahari. Muulize nahodha tangu jioni maji yatajaa saa ngapi, maana ukifika yamekupwa utashuka mbali na kutembea ndani ya maji hadi pwani.

Kibali cha kuingia magofuni kichukue Masoko kabla ya kuvuka. Magofu ya visiwa hivyo viwili yaliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004 kwa sababu ya mawimbi na kuta kubomoka, na yakaondolewa humo mwaka 2014 baada ya kukarabatiwa. Basi usipande juu ya kuta, hata kwa picha moja. Na kwa kuwa Kisiwani kuna kijiji chenye watu wake, tafuta mwongozaji mzaliwa wa hapo na umlipe vizuri.