Kabla ya Kusema Bodi Imekufa

Mtu akishuka stendi ya Korogwe na laptopu begani, baada ya kilomita 65 kutoka Handeni, mara nyingi hukumu anayo tayari: bodi imekufa. Kapewa na fundi wa kwanza, aliyebonyeza swichi mara tatu, akajaribu chaja yake, akatikisa kichwa. Hukumu hiyo ina gharama. Bodi mama, au mazabodi kama tunavyoiita wenyewe mafundi, ndiyo kiungo ambacho kwenye mashine ya mtumba bei yake huweza kukaribia bei ya mashine nzima. Ndiyo maana sipokei hukumu ambayo haikutoka kwenye mita.

Kwanza tukubaliane tunazungumzia ugonjwa gani, kwa sababu neno “haiwaki” linabeba mambo mengi. Kuna mashine ambayo feni inazunguka ila kioo ni cheusi. Hiyo inawaka: bonyeza kitufe cha Caps Lock uone kama taa yake inaitika, kisha mulika kioo kwa tochi ya simu utafute kivuli cha picha. Kuna inayowaka sekunde mbili ikazima. Na kuna ya kimya kabisa, bila taa, feni wala mlio. Leo nashughulika na hiyo ya kimya.

Anza nje. Soketi zetu hutoa volti 230, na chaja nyingi zimeandikwa kuwa zinapokea volti 100 hadi 240 na kutoa 19 au 20. Umeme ukikatika kisha ukarudi kwa kishindo, wa kwanza kupokea pigo ni chaja. Ipime, lakini usiiamini upesi, maana chaja mbovu huweza kusoma 19 ikiwa haina mzigo, ikaanguka mara tu mashine inapoanza kunywa. Ijaribu kwa nyingine yenye volti zilezile na ampia zisizopungua. Kwa chaja za USB-C kuna kimita kidogo kinachochomekwa katikati ya waya: chaja huanza na volti 5, kisha huelewana na mashine na kupanda, mara nyingi hadi 20. Kikiganda kwenye 5, hawajaelewana.

Halafu chomoa chaja, toa betri (au fungua mfuniko wa chini uchomoe waya wake), ubonyeze swichi kwa sekunde 30. Ndani ya mashine kuna chipu ndogo inayokesha ikisubiri kidole chako, nayo huweza kuganda. Ikikosa umeme kabisa, huanza upya. Nimeona watu wakicheka kwa aibu mashine ilipowaka hapo.

Ikiwa bado, sasa tufungue. Anayefahamu majaruba ya mpunga ya Mombo ataielewa bodi haraka kuliko anayekariri majina ya vipuri. Maji huanzia kwenye banio, yakapita lango la kwanza, yakaingia mfereji mkuu, ndipo yagawanywe. Jaruba la mwisho likikauka, mwenye akili halimwagii ndoo. Anapanda mfereji akiangalia maji yalipoishia.

Kwenye laptopu banio ni tundu la chaja, ambalo lehemu yake huachia kwa kuvutwavutwa waya. Lango la kwanza ni mosifeti mbili karibu na tundu hilo. Baada yake ni mfereji mkuu wa volti 19, unaopita bodi nzima. Kutoka hapo huchepuka njia mbili za volti 3.3 na 5, ambazo kwenye bodi nyingi huwa tayari hata kabla hujagusa swichi. Swichi ikibonyezwa, ile chipu ya kukesha ndiyo inayoamuru malango mengine yafunguke kwa zamu, memori ikipata kama volti 1.2 kwa DDR4, na prosesa ikipata takriban volti moja. Waya mweusi wa mita uweke kwenye tundu la skrubu, mwekundu utembee kutoka koili moja hadi nyingine. Pale namba inapopotea ndipo pa kuanzia kazi.

Hapa ndipo naudhika na wenzangu wanaokimbilia kupuliza bodi kwa bloa kabla ya kupima. Desturi hiyo ina historia. Mwaka 2008 kampuni ya Nvidia ilitangaza kutenga dola milioni 150 hadi 200 kwa ajili ya chipu zake za picha zilizokuwa zikifa ndani ya laptopu, na mafundi dunia nzima wakagundua kwamba ukizichoma zinafufuka kwa muda. Shida ile ilihusu chipu za picha. Bodi isiyopata volti 3.3 haijui lolote kuhusu bloa.

Na mchele je? Mashine iliyomwagikiwa chai ya sukari ikizikwa kwenye mchele hutoka na sukari yake yote, huku betri ikiendelea kusukuma umeme kwenye unyevu na kula shaba. Toa betri saa hiyohiyo, kisha bodi isafishwe kwa spiriti na brashi. Mchele ni wa kupika.

Mara nyingi mfereji mkuu hauna volti kwa sababu umepiga shoti. Chaja na betri zikiwa nje, pima ukinzani kati ya njia ya 19 na tundu la skrubu. Bodi nzima husoma maelfu ya omu. Ukisoma omu moja au sifuri, umeshampata mwizi. Ila usipime hivyo koili za prosesa ukapiga kelele: njia ile kwa kawaida husoma omu chache tu, na bodi nyingi nzima zimetupwa kwa kosa hilo.

Mwizi hujitaja kwa joto. Pawa saplai ya mezani iwekwe volti 1, iingizwe kwenye njia yenye shoti, na tone la spiriti lipakwe juu ya bodi. Panapokauka kwanza ndipo alipo. Kabla ya hapo hakikisha njia ya 19 haijaungana na ya prosesa kupitia mosifeti iliyoungua, la sivyo utampelekea prosesa umeme usio wake. Na usivute sigara.

Mara nyingi utakuta kapasita ya udongo, ndogo kuliko punje ya mchele. Ing'oe, pima tena. Ukinzani ukirudi kwenye maelfu, chomeka chaja; kwa kuwa njia ile ina kapasita kadhaa zilizopangwa sambamba, bodi huwaka hata kabla hujaweka nyingine. Mwenye mashine mpe kile kipande kwenye karatasi, akiangushe begini, apande gari la Handeni.