Manukato ya Bei Ghali: Je, Yastahili?
Idi inapokaribia, mama na dada zetu huuliza: je, chupa ya manukato ya Ulaya ni zawadi ya busara kwa mume au ndugu?

Kujitia manukato siku ya Ijumaa ni sunna, na Mtume (S.A.W.) hakuwa akirudisha manukato aliyotunukiwa. Basi swali letu si harufu nzuri. Swali ni bei.

Tazameni Sauvage ya Dior, iliyotoka mwaka 2015. Nguzo ya harufu yake ni ambroksani, kitu kinachotengenezwa maabarani kuiga ambari, ile ile ya pwani ya Zanj iliyosifiwa na al-Masudi katika karne ya 10. Anunuaye halipii ambari. Sehemu kubwa ya fedha hulipia jina na matangazo.

Tupige hesabu. Tuseme chupa ya mililita 100 ni shilingi 12,500. Mpulizo mmoja ni takriban sehemu ya kumi ya mililita. Kwa mipulizo minne kila siku, chupa itadumu siku 250, yaani shilingi 50 kwa siku. Kwa mwenye wasaa, hapana lawama. Kwa akopaye, au ambaye ada ya madrasa ya wanawe haijalipwa, huo ni israfu.

Kabla ya kununua, ajipulizie mkononi, kisha angoje hadi swala ifuatayo. Harufu ikiwa imetoweka, fedha zimeokoka. Na asidharau attari ya mafuta: tone moja hutosha.

Mume aliyekoga, mwenye kanzu iliyofukizwa udi na asiyedaiwa dukani, huyo ananukia tayari. Wallahu aalam.