Waliopiga mayowe na waliozomea: Kisa cha filamu ya Justin Bieber

LIKIZO ya Agosti mwaka wa 2011, binti yangu, aliyekuwa darasa la saba wakati huo, aliwaalika wenzake watatu nyumbani kutazama filamu. Mimi nilikuwa nimeketi kando na gazeti langu, nikitumaini kwamba televisheni itawanyamazisha na mimi nipate alasiri ya utulivu. Dakika kumi hazikupita kabla ya unyende kuanza.

Kila mara kijana mmoja mwenye nywele zilizofunika paji la uso aliponyosha mkono kuelekea kamera, wasichana wanne walinyosha yao kuelekea televisheni. Mmoja alilia machozi ya kweli. Jirani yetu wa gorofa ya chini alipanda ngazi mbio kuuliza kama kuna mtu aliyeumia. Nilipomweleza kwamba ni sinema tu, alitikisa kichwa, akasema ngoma ya watoto haikeshi, kisha akarudi kwake. Nami nilicheka pamoja naye, jambo ambalo siku hizi hunitia haya kidogo.

Filamu yenyewe ilikuwa Never Say Never, inayosimulia maisha na muziki wa Justin Bieber, mwimbaji wa Kanada aliyezaliwa tarehe 1 Machi 1994. Iliongozwa na Jon M. Chu na kuanza kuonyeshwa katika sinema za Marekani na Kanada tarehe 11 Februari 2011, nyota huyo akiwa hajatimiza umri wa miaka 17. Kiini chake ni tamasha alilofanya katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York, tarehe 31 Agosti 2010. Filamu inahesabu siku kumi za kuelekea usiku huo, na katikati yake inaturudisha nyuma hadi mji mdogo wa Stratford, jimbo la Ontario, ambako mtoto huyo alipiga ngoma kabla hajajua kuzungumza vizuri, na baadaye akaketi kwenye ngazi za jumba la michezo ya kuigiza na gitaa lake, akiwaimbia wapita njia ili wamtupie sarafu.

Huko Amerika watazamaji wengi waliiona filamu hiyo kwa miwani maalumu, ile inayofanya picha zionekane kama zinatoka ukutani na kumfikia mtu alipoketi. Kwa hivyo mkono ule ambao binti yangu aliuona katika kioo cha televisheni, wao waliuona ukiwajia hadi karibu na pua. Waliitikia kana kwamba mwenyewe alikuwa mbele yao. Walipiga mayowe, wakaimba kila wimbo tangu mwanzo hadi mwisho, wakasimama vitini. Katika siku tatu za kwanza filamu ilikusanya takriban dola milioni 30, ikashika nafasi ya pili nyuma kidogo tu ya filamu ya vichekesho ya Adam Sandler. Hadi ilipoondolewa katika kumbi, ilikuwa imeingiza kama dola milioni 73 Marekani na Kanada pekee, ilhali gharama ya kuitengeneza ilikuwa takriban dola milioni 13.

Kuna kampuni moja Marekani, CinemaScore, ambayo kazi yake ni kuwauliza watazamaji maoni yao wanapotoka ukumbini usiku wa kwanza wa filamu. Mtu hupewa kadi, naye huipa filamu alama kama mwalimu anavyosahihisha mtihani. Never Say Never ilipewa A. Wahakiki wa magazeti nao, watu wasiosifiwa kwa upole, waliipokea vizuri kuliko ilivyotarajiwa. Zaidi ya nusu yao walisema ni filamu iliyotengenezwa kwa ustadi, hata kama muziki wenyewe haukuwa wa kuwanyanyua vitini.

Walakini, ukienda kwenye IMDb, tovuti ambapo mtu yeyote duniani anaweza kuipigia filamu kura kati ya 1 na 10, utakuta hadithi nyingine kabisa. Huko filamu hii ina wastani wa chini ya pointi 2. Imepata kuwekwa katika orodha ya filamu 100 mbaya kuliko zote, pamoja na zile ambazo kamera zilitikisika na waigizaji wakasahau maneno.

Yawezekanaje filamu moja ipate A mlangoni mwa sinema na sifuri kasorobo kwenye tovuti? Jibu ni kwamba waliopiga kura si watu wale wale. Kadi za CinemaScore hupewa waliolipa kiingilio na kuketi mpaka mwisho. Tovuti haikumdai mtu tiketi. Bieber alikuwa shabaha ya mzaha kwa kila kijana wa kiume aliyetaka kuonekana mwanamume, na wapigaji kura wengi wa tovuti hiyo ni wanaume. Ni vigumu kuamini kwamba maelfu ya watu waliomchukia walinunua tiketi, wakavaa miwani na kuvumilia zaidi ya saa moja na nusu ya nyimbo zake, kisha wakarudi nyumbani kuandika 1.

Nisije nikadhaniwa nawapaka mafuta mashabiki. Nao walikuwa na makosa yao. Siku mbili tu baada ya filamu kuanza, tarehe 13 Februari 2011, tuzo ya Grammy ya msanii mpya bora ilimwendea Esperanza Spalding, mpigaji hodari wa besi na mwimbaji wa muziki wa jazi. Mashabiki wa Bieber walikasirika, wakavamia ukurasa wa mwanamuziki huyo katika ensaiklopidia ya Wikipedia na kuujaza matusi. Mama wa watu hakuwa amemkosea yeyote.

Wala filamu si kitu kisicho na hila. Usione vyaelea, vimeundwa. Miongoni mwa watayarishaji wake walikuwamo meneja wa Bieber, Scooter Braun, mwimbaji Usher aliyemshika mkono alipoanza, na L.A. Reid, aliyekuwa mkubwa wa kampuni iliyouza rekodi zake. Waliogharimia bidhaa ndio waliogharimia tangazo. Tunawaona watu wa meneja wakiwagawia tiketi za bure wasichana walio nje ya ukumbi bila chochote. Tunamwona shabiki mmoja akitolewa katikati ya umati, akaketishwa jukwaani, akapewa maua na kuimbiwa. Mzazi yeyote anajua maana yake. Binti aliyebaki kitini anaambiwa kwamba kesho huenda ikawa zamu yake, mradi anunue tiketi. Na majuma mawili baada ya filamu kutoka, ikatolewa tena ikiwa na sehemu mpya, ili aliyeitazama alipe mara ya pili. Hapo mimi binafsi naona tamaa ilizidi adabu.

Lakini wanaosema kwamba wasichana hawa wangemeza chochote walichopikiwa, wanasahau yaliyotokea kabla na baada.

Mwaka wa 2007 Miley Cyrus, aliyekuwa maarufu kwa kipindi cha televisheni cha Hannah Montana, alizunguka miji ya Marekani akitumbuiza. Tiketi ziliisha mara zilipotolewa, nyingi zikaangukia mikononi mwa walanguzi waliowauzia wazazi kwa mamia ya dola. Basi kampuni ya Disney ilipotoa filamu ya ziara hiyo tarehe 1 Februari 2008, katika kumbi 683 pekee, familia zilizokuwa zimekosa nafasi zilifurika. Tiketi, ambayo katika kumbi nyingi ilikuwa dola 15, ilikuwa ghali kwa sinema lakini nafuu sana ukiilinganisha na bei ya mlanguzi. Siku tatu zilileta zaidi ya dola milioni 31, na filamu iliyokusudiwa kuonyeshwa kwa juma moja ikaongezewa muda.

Disney wakadhani wamepata mashine ya kuchapisha pesa. Mwaka mmoja baadaye, Februari 2009, wakatoa filamu kama hiyo ya ndugu watatu waitwao Jonas Brothers, katika kumbi nyingi zaidi. Mapishi yalikuwa yale yale, kuanzia miwani hadi umati unaolia. Siku tatu za kwanza zililetwa dola milioni 12 na nusu, na kwa jumla haikufika dola milioni 20 Marekani. Wasichana waliitazama meza, wakaona kiporo, wakabaki nyumbani.

Bieber mwenyewe aliyaonja hayo. Siku ya Krismasi mwaka wa 2013 ilitoka filamu yake ya pili, Believe, iliyoongozwa na Chu yule yule. Nyota alikuwa na umri wa miaka 19, magazeti yamejaa visa vyake, na wale waliokuwa na miaka 12 walikuwa sasa na miaka 15 na mambo mengine ya kufikiria. Filamu ilipata kama dola milioni 6 Marekani, basi. Hakuna aliyewaamuru kutokwenda. Waliamua wenyewe, kama walivyoamua wenyewe kwenda ile mara ya kwanza.

Kelele za vijana mbele ya pazia la sinema si jambo jipya. Mwaka wa 1956 filamu ya Rock Around the Clock ilipoonyeshwa Uingereza, vijana walicheza katika vijia vya ukumbi na wengine wakachana viti, mpaka miji kadhaa ikaipiga marufuku. Mwaka wa 1964 wasichana walipiga mayowe wakitazama A Hard Day's Night ya Beatles, filamu ambayo leo wasomi huitaja miongoni mwa bora zaidi za muziki. Na sisi tuliotazama filamu za Bruce Lee katika kumbi za mjini Nairobi tulikuwa malaika? Tulipiga kelele, tukarusha mateke hewani tukitoka, na hakuna jirani aliyekuja kuuliza kama tu wazima. Kelele za wavulana huitwa uchangamfu, za wasichana tukaziita wazimu.

Turudi kwenye filamu, kwa maana kuna jambo ambalo mayowe yalilifunika. Siku chache kabla ya usiku wa New York, Bieber anaishiwa sauti. Koo limevimba. Anapelekwa kwa daktari, anaambiwa apumzike, asizungumze kabisa. Onyesho moja linaahirishwa. Ameketi kimya, mvulana wa miaka 16 aliyenyimwa hata kuropoka na wenzake, akizungukwa na watu wazima wanaoshauriana juu ya koo lake. Wanampenda, hilo linaonekana, na mwalimu wake wa sauti anasema naye kwa ukali wa mama. Lakini karibu kila mtu katika chumba kile anapata riziki yake kutokana na koo hilo hilo. Mapema kidogo tumemwona nyumbani kwa bibi na babu yake huko Stratford, mahali ambapo angali mjukuu tu. Mama yake, Pattie Mallette, alimzaa akiwa na umri wa miaka 18 na kumlea bila mume nyumbani. Mama huyo yumo katika filamu, akimtazama mwanawe kutoka pembeni mwa jukwaa.

Mzazi aliyepelekwa sinema kwa lazima na binti yake aliiona sehemu hiyo vizuri kuliko nyimbo. Nathubutu kusema hivyo kwa sababu hata mimi, pale sebuleni, ndipo nilipoliweka gazeti chini. Wasichana walikuwa wametulia wakiombea sauti irudi. Mimi nilikuwa nikijiuliza ni nani angethubutu kulifuta tamasha kama isingerudi.

Sauti ilirudi, mayowe pia. Yaliyomfika Bieber baadaye yanajulikana. Januari 2014 alikamatwa na polisi huko Miami Beach, na mwaka wa 2020 alitoa wimbo uitwao Lonely, ambao katika video yake mwigizaji mtoto, Jacob Tremblay, amevaa mavazi yanayofanana na aliyovaa Bieber enzi zile za Never Say Never.

Hakuna filamu ya tamasha iliyoingiza fedha nyingi kuliko yake huko Marekani mpaka ilipofika ya Taylor Swift, Oktoba 2023. Safari hii watazamaji wengi walikuwa wanawake wazima, na kampuni ya kumbi za sinema iliwaruhusu waziwazi kuimba na kucheza. Sina shaka wamo waliokuwa wamevaa miwani mwaka wa 2011.

Binti yangu sasa anajitegemea. Juzi alipokuja kututembelea alilikuta jalada la diski ile chini ya rundo la vitabu vya shule, akacheka, akaiweka ili aone kama bado inafanya kazi. Inafanya, ila hukwama hapa na pale. Aliimba nyimbo mbili za kwanza bila kukosea neno. Ilipofika sehemu ya koo, alinyamaza, akasogea karibu na televisheni.

"Baba, hapa alikuwa na miaka mingapi?"

Nikamwambia, kumi na sita.

"Mbona mimi nilikuwa nikimwona mtu mzima?" akauliza, na kabla sijajibu diski ikakwama tena.